Farasi wa Mwisho wa Bwana Fisi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

"Sema wewe, sisi ni masikio!"

Palikuwa na ufuo ambao maji yakipwa, mchanga wake huwa mgumu kama sakafu. Hapo farasi walishindana mbio kila bamvua, siku bahari inapokwenda mbali kabisa. Mwenyekiti, katibu na mtunga kanuni alikuwa Bwana Fisi. Kanuni ya kwanza: farasi wa mwisho ataliwa na Mwenyekiti. Ya pili aliitunga baada ya Chui kumwahi mlo: mlo ni wa anayengoja kwenye nguzo ya kugeuzia, na Mwenyekiti akiondoka hapo kabla farasi wa mwisho hajafika, haki yake imekufa.

Kingo za njia zilipangwa kwa mafuvu ya walioliwa. Fuvu la tisa lilikuwa la mama yake Lulua. Na Lulua, farasi jike, mwaka huo alichechemea.

"Bibi, kesho naliwa," akamwambia Kaa, aliyekuwa akifukua shimo lake lililokanyagwa na kwato.

"Una haraka gani, mwanangu? Kimbia hadi kwenye fuvu la mama yako. Hapo simama."

Kisha Kaa akaenda, upande upande, kwa Fisi.

"Mheshimiwa, njia ni fupi. Nyama isiyotoka jasho haina utamu. Nguzo ihamie kule kwenye fungu la mchanga, ng'ambo ya mkondo."

Fisi akameza mate. "Nani anaunga mkono?" Kikao kilikuwa cha mtu mmoja. Akajiunga mkono mwenyewe. Ikapita.

Kesho yake, ngoma ikalia, ndu! Farasi paka-paka, paka-paka, wakaizunguka nguzo, wakarudi pwani. Lulua pa... ka, pa... ka, hadi fuvu la tisa, kabla ya mkondo. Akasimama.

"We Lulua! Njoo!"

"Naja, Mwenyekiti! Ni mguu tu!"

Maji yakaanza kujaa. Chwa! Yakamfika Fisi vifundoni.

"Mheshimiwa, maji," Kaa akasema.

"Wa mwisho hajafika!"

Chwa! Magotini.

"Mheshimiwa, mkondo umejaa."

"Nikiondoka, Chui atasemaje? Wa mwisho hajafika!"

Chwa! Kifuani. Sasa Fisi alitaka kurudi, lakini mkondo ulikuwa umekwisha kuwa bahari.

"Lulua, mama, nimekusamehe! Njoo unibebe!"

Lulua alikuwa na miguu mitatu mizima, na ingetosha. Akalitazama fuvu. Hakusogea.

"Wa mwi—"

Blu, blu, blu.

Maji yalipokupwa, kaa walitoka mashimoni, wakubwa kwa wadogo, wakala siku tatu. Lulua akamwomba Kaa ile kanuni ya kwanza ifutwe.

"Kufuta kanuni kunataka kikao, mwanangu. Kikao kinataka mwenyekiti. Chui ameshaleta barua ya maombi."

"Na mguu wangu, bibi?"

Kaa akajifuta mdomo kwa gando. "Bamvua ijayo bado."

Hadithi imekoma hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, malalamiko yapelekwe kwa Mwenyekiti, kwa maandishi. Na funzo lake, wanangu: heshimuni kanuni, na muwe na subira, kwani mvumilivu hula mbivu.