Bado Machache Tu, Alisema Fisi

Paukwa!

— Pakawa!

Mtakaa mpaka mwisho?

— Tutakaa!

Haya, tutaona.

Palikuwa na jua, jua lile la kusinzisha, nyika nzima inaelea kama imo ndotoni. Maji yamebaki kisima kimoja tu, na juu ya kisima kakaa Fisi, meno nje.

"Anayetaka maji anijibu maswali kwanza. Machache tu."

Akaja Nyati, tindi tindi tindi.

"Unalala ubavu gani? Ukiota, unaota majani mabichi au makavu? Mkia wako unakuridhisha sana, kiasi, au hata kidogo?"

Nyati akajibu, akajibu, kope zikawa nzito. "Bado mengi?"

"Bado machache tu."

Nyati akaondoka na kiu yake, anatembea huku amelala.

Akaja Twiga, nyatu nyatu nyatu. Akajibu, akajibu. "Bado mengi?"

"Bado machache tu."

Twiga naye huyoo, akapotelea kwenye mvuke wa jua. Fisi akanywa peke yake, gubu gubu gubu. Maswali yale hayakuwa na mwisho, wanangu.

Akaja Digidigi, tiki tiki tiki, na mwanawe nyuma. Mtoto ulimi umekauka, hata kulia hawezi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Unalala ubavu..."

"Alaa! Salamu hatujamaliza, babu. Au hukulelewa?"

Fisi akaona haya. "Nimelelewa. Salimia."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Za shangazi yako, yule aliyenuna arusini?"

"Nzuri. Bado kanuna."

"Alinyimwa nini?"

"Utumbo."

"Na shemeji aliyemnyima, hajambo?"

"Hajambo."

"Wanasemeshana?"

"Hawasemeshani."

"Na mjomba mliyegombania paja la punda?"

"Mzima... Bado mengi?"

"Bado machache tu, babu."

Sauti laini, kama anabembeleza mtoto. Za binamu? Nzuri. Za mkwe? Nzuri. Za mama wa mkwe? Fisi akainuka, macho nusu, akaenda zake bila kuaga, "nzuri... nzuri..." Mtoto akainama kisimani, tiu tiu tiu, mpaka tumbo likawa ngoma.

Mpaka leo ukimsikia fisi mbali huko, uuu-wii, bado anajibu salamu: nzuuu-rii.

Hadithi yangu imekunywa maji, imelala. Fundisho ni hili: ukiulizwa, jibu mpaka swali la mwisho, ndiyo adabu.

Sasa nijibuni. Nani kalamba sukari yangu? Kwa kijiko au kwa kidole? Mama yake alikuwa wapi?

Mbona mnainuka? Bado machache tu!