Jina la Mtoto wa Tumwanukye

Hapo zamani, si za kale sana, karibu na stendi ya Tukuyu aliishi mama lishe aitwaye Tumwanukye. Wasafiri walizoea kula kwake, wakaacha mizigo kibandani, wakaenda sokoni na kurudi kuichukua. Siku moja mtu aliacha gunia la maharage, asirudi. Waliokuja ni polisi. Ndani ya maharage mlikuwa na pembe za ndovu.

Kwao Tumwanukye, mtu akigombezwa huomba radhi kwanza, hata kama hakukosa, ndipo mazungumzo yaanze. Basi akapiga magoti, akasema, "Nisameheni, baba zangu." Polisi wakaandika: mtuhumiwa amekiri.

Kesi ya nyara za serikali, kama pembe hizo, haina mzaha. Ni miaka ishirini jela. Akawekwa mahabusu na mimba ya miezi mitano. Humo akaweka nadhiri: nikitoka, na mtoto akiwa wa kike, atabeba jina la aliyenitoa.

Mumewe alitaka wakili awe binamu yake, aliyeanza kazi juzi tu. Atupele, mdogo wake Tumwanukye, akakataa.

"Shemeji, suti yake nzuri, lakini suti haifungwi. Anayefungwa ni dada."

Akaenda Mbeya, akakaa mahakamani wiki mbili akiwatazama mawakili. Mmoja alipiga kelele, watu wakacheka, wateja wake wakafungwa. Mwanamke mmoja alisema polepole, na kila aliposimama, jaji alishika kalamu. Huyo ndiye Wakili Subilaga, mwenye miaka ishirini na miwili katika kesi za jinai.

Lakini wakili mzoefu halipwi kwa asante. Mama mkwe wa Tumwanukye, Bibi Sekela, akauza ng'ombe wake wa pekee, aliyemtunza achinjwe kwenye msiba wake mwenyewe. Waliomzuia aliwaambia, "Nikifa pikeni maharage. Sitakuwepo kulalamika."

Siku ya kesi, Wakili Subilaga alimuuliza askari, "Aliposema nisameheni, ulimuuliza anaomba radhi kwa kosa gani?"

"Hapana."

"Gunia ulilokamata lilifungwaje?"

"Lilishonwa."

"Hili lililo mbele yetu limefungwa kamba. Nani alilifungua?"

Jaji akashika kalamu, akaandika: ushahidi umechezewa. Tumwanukye akaachiwa huru, na baada ya siku tisa akajifungua msichana.

Siku ya kumpa mtoto jina, wote watatu walikuja.

Atupele akasema, "Bila macho yangu, ng'ombe yule angeliwa na suti."

Bibi Sekela akasema, "Ulichagua vizuri, mwanangu. Ungemlipa kwa fedha gani? Mimi nimetoa heshima ya kaburi langu."

Wakili Subilaga akasema, "Kweli nililipwa. Lakini mawakili wawili mliowaendea kabla yangu walisoma faili lilelile, wakasema hana pa kutokea. Gunia nililiona mimi."

Tumwanukye alimtazama mwanawe. Kila mmoja amesema kweli, na jina ni moja.

Nanyi mnaosikia, kama mtoto huyo angekuwa mikononi mwenu, mngemwita nani: Atupele, Sekela, au Subilaga?