Ukuta Ulioliwa na Kuku

Alhamisi iliyopita niliingia darsani na yai mfukoni. Si yai la kula. Kuku wetu mmoja alikuwa ametaga yai lisilo na gamba, ngozi tupu, ukilishika linabonyea kama shavu la mtoto. Nami, mtu niliyezunguka Muskati, Moroni na Jidda nisikutane na kitu kama hicho, nikaona nikawaonyeshe wanadarsa maajabu ya Muumba. Nilipofika, Bi Mwanakheri akanisifu kutoka upande wa wanawake: "Maalim, kanzu hiyo leo imekukaa!" Nikatabasamu, nikaketi. Nikalikalia.

Uji wa njano ukanitiririka mpaka mkekani. Na ulimi wangu, ambao haujawahi kungoja akili, ukatangulia: "Mnaona? Jicho baya hilo! Mtu hasifu bila ya kusema mashaallah!" Darsa zima likacheka, kisha likamgeukia Bi Mwanakheri. Akajifunika mtandio usoni. Kicheko kikanikauka, na hapo kikanijia kisa hiki, nikawasimulia huku nimelowa.

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa pwani ya Yemeni, zama za wema waliotutangulia, aliishi mja akiitwa Sheikh Ghanimu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa waraa: haramu hakuikaribia, na chenye shaka alikikimbia kama moto. Jirani yake alikuwa Bibi Zumurudi, mjane aliyepata riziki kwa kuoka mikate na kuwauzia watu wa mtaa. Kila siku kuku wa Sheikh walipenya hadi uani kwa mjane, alikoanika mtama wake. Sheikh akaingiwa na hofu. "Wakila punje ya mjane," akamwambia mkewe, Bibi Ruqaya, "yai lao litatuingiaje tumboni?" Basi akajenga ua wa miti ya miba, akawafungia.

Hazikupita siku nyingi, kuku wakaanza kutaga mayai ya ajabu: mara lina makunyanzi, mara gamba jepesi kama karatasi, hatimaye ngozi tupu. Bibi Ruqaya akiyaokota, yanampasukia mkononi. Habari ikaenea. Watu waliozoea kunywa kahawa barazani kwa Sheikh wakakumbuka kwamba Bibi Zumurudi aliwahi kuwasifu kuku wale.

"Ana jicho yule," akasema mmoja.

"Mimi mkate wake siutii tena kinywani," akadakia mwingine.

Sheikh hakusema neno. Aliinamisha kichwa, akavuta tasbihi, akaona kunyamaza kwake ndiyo subira.

Mikate ya mjane ikawa inalala. Wanawake wakimwona wanawafunika watoto wao. Mwishowe akazima tanuri lake, akajifungia ndani.

Asubuhi moja kuku akachoropoka. Sheikh akamkimbilia, joho kalikunja mkononi, asije akaugusa mtama. Lakini kuku aliupita mtama bila ya kuutazama, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa mjane, akaanza kudonoa chokaa. Sheikh akainama. Chini ya ukuta chokaa ilikuwa imeliwa hata mawe yakabaki wazi. Akafahamu. Magamba ya mayai yake miaka yote yalikuwa yakitoka katika ukuta wa jirani, na aliyewanyima kuku ni yeye na ua wake.

Akabisha mlango huku analia. "Bibi, kuku wangu wamekula chokaa yako, nami nimekula mayai yao. Nihalalishie."

"Chokaa nimekuhalalishia," akasema Bibi Zumurudi. "Lakini, Sheikh, kuku uliwajengea ua wasile mtama wangu. Walioila nyama yangu kwa kunisengenya barazani kwako, uliwamiminia kahawa."

Jioni, baraza ilipojaa, Sheikh alisimama na yai laini kiganjani. "Jicho ni kweli," akasema, "ila hapa halipo. Hili ni la mikono yangu. Na mlipomsema Bibi Zumurudi niliwasikia, nikanyamaza." Kisha akawaongoza wote hadi mlangoni kwa mjane, akaomba mkate wa kwanza yeye. Tanuri likawashwa.

Ndugu zangu, subira ni kunyamaza unaposemwa wewe. Anaposemwa mwenzako, kunyamaza kuna jina jingine. Tunauliza nyama ya buchani imechinjwaje. Nyama ya jirani tunaila hata bismillahi hatupigi.

Nikakomea hapo, nikapangusa kanzu yangu, nikidhani mambo nimeyatengeneza. Bi Mwanakheri akafunua uso.

"Kisa tumekisikia, Maalim," akasema. "Msamaha bado."