Mlango Alioukalia Tembo

Hapo zamani za kale, wanyama wakiwa bado na akili ya kujenga shule, palikuwa na darasa ndani ya jabali. Mwalimu alikuwa Korongo, mkavu, sauti kama bawaba yenye kutu. Asubuhi watoto walimwimbia Muumba wimbo wa shukrani, kisha wakasoma. Nanyi mlioketi hapa, acheni kusukumana, sikilizeni.

Siku moja Korongo akafundisha: "Tazameni kucha za Tembo, kisha za Pimbi. Zamani za zamani hawa walikuwa ukoo mmoja."

Na pimbi mnamjua: kinyama cha mawe, hakimzidi sungura.

Tembo akasikia. Akaja, puu! puu! puu!

"Ukoo mmoja na kile kitoweo cha Chui? Muumba alinifinyanga peke yangu! Somo hilo life!" Akaukalia mlango wa mbele.

Kiboko akatoka mtoni akichuruzika tope. "Somo likifa, na wimbo ufe! Hakuna kusali hapa!" Akalala mlango wa nyuma.

Shule ikafungwa. Wakubwa wakatukanana siku baada ya siku, koo zikawakauka. Lakini watoto wa Mama Pimbi, waliokuwa salama darasani, sasa walicheza nje majabalini, na Chui alikuwa juu akijilamba. Jana alimkosa kitindamimba kwa upana wa ukucha.

Mama Pimbi akamwendea Tembo.

"Shikamoo, babu."

"Babu yako nani?"

"Basi, bwana mkubwa. Usitoke hapo! Ila nimepita mtoni. Watoto wa Kiboko wanaucheka wimbo wako. Wanasema mwanao hawezi kuwajibu, somo lao halijui hata nusu."

"Somo lenyewe linasemaje?"

"Nitajuaje, na mlango umekaliwa?"

Tembo akapiga masikio, pwa! pwa!

Mama Pimbi huyooo, nyuma.

"Shikamoo, mzee wa maji."

"Marahaba. Sema upite."

"Watoto wa Tembo wanalicheka somo la kucha. Wanasema mwanao ataubishia vipi wimbo asioujua hata ubeti?"

"Ati nini!" Kiboko akaachama, tope likamtoka puani.

Kulipokucha, Tembo akainuka, akamsukuma mwanawe ndani. "Kasome hizo kucha, neno kwa neno, uje uwashinde!" Kule nyuma Kiboko naye: "Kaimbe! Usiache ubeti!"

Watoto wa Pimbi wakapenya kati ya miguu yao, churr! Wote ndani.

Wakubwa wakabaki nje wakichungulia dirishani, mpaka wakagongana vichwa.

"Wanao wanamcheka wangu!" Tembo akafoka.

"Wangu? Wangu walikuwa wamelala matopeni! Wanao ndio wanaocheka!"

"Wangu walikuwa wanakula!"

Wakamgeukia Mama Pimbi, aliyekuwa akiota jua.

"Umetudanganya, kijinyama wewe!"

"Nimewadanganya. Haya, atangulie mmoja amtoe mwanawe, wa mwenzake abaki akijua yote mawili."

Thubutu! Hakuna aliyesogea. Ndani wimbo ukaisha, somo likaanza. Chui akameza mate, akashuka na njaa yake. Mama Pimbi akashusha pumzi ndefu, akasinzia palepale.

Tembo, akidhani hatazamwi, akainua mguu, akazikodolea kucha zake.

"Mh," akasema.

Mlango huo uko wazi hadi leo, nami hadithi yangu nimeitoa kupitia humo. Anayebishia asilolijua huuziba mlango wa mwanawe mwenyewe.