Kura Zilizofanywa Kamba

"Jani la kufungia nalo ni tumbaku." Mliisikia jana kwenye kikao cha harusi, Mzee Sizya alipomkatiza mwenyekiti wa kamati aliyekuwa akihesabu sahani za wageni na kuwaruka wapishi. Mkacheka. Mmoja wenu akanong'ona kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa, tumbaku na harusi wapi na wapi. Nilikusikia, Milembe, usijifiche nyuma ya dada yako. Sasa mmekuja kuuliza. Kaeni basi, na huyo mwenye simu aizime, maana mimi sishindani na simu. Methali hii hatukuirithi kwa mababu. Ilizaliwa mchana kweupe, ndani ya ghala la ushirika, kinywani mwa mwanamke mmoja, na ilimgharimu.

Mwanamke huyo aliitwa Nyamizi Kasubi. Baba yake alilima tumbaku, na yeye alikulia mlangoni pa bani, kile chumba cha kukaushia majani, akifunga mafungu pamoja na ndugu zake. Nyinyi wa siku hizi hamjui kazi hiyo, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Unapanga majani kumi mazuri, vikonyo pamoja. Halafu unachukua jani jingine, lililo dhaifu kidogo, unalikunja liwe jembamba, unalizungusha kwenye vikonyo na kulichomeka ncha. Fungu tayari. Mama akiuliza mna majani mangapi, mnajibu kumi. Mtoto akisema kumi na moja anakula kofi la mgongo na kuambiwa, "La kufungia halihesabiwi!" Wilaya nzima ililelewa hivyo, wakubwa kwa wadogo.

Nyamizi alipokua akaingia kwenye siasa za chama. Chama chenyewe sitakitaja, wenyewe bado wapo na ni wepesi wa kununa. Alikitaka kiti cha mwenyekiti wa wilaya, na sitawaficha, alikitaka kwa moyo wake wote. Aligombea mara ya kwanza akashindwa, mara ya pili akashindwa, mara ya tatu akapambanishwa na Mihayo Lutonja, mwenye mashine ya kusaga, mtu wa maneno mengi lakini si mtu mbaya. Meneja wa kampeni wa Nyamizi alikuwa Shija, mtoto wa mjomba wake, kijana mwenye miguu isiyochoka. Hakuna kata ambayo Shija hakulala akiomba kura.

Mkutano mkuu wa wilaya ulifanyika ndani ya lile ghala, maana hakukuwa na ukumbi mwingine wa kuwatosha wajumbe wote. Walipiga kura, masanduku yakafunguliwa, kura zikatenganishwa meza mbili: za Nyamizi huku, za Mihayo kule. Katika kila meza wakazipanga kumi kumi. Basi ile mipira ya kufungia noti aliyoileta msimamizi ikaishia meza ya Nyamizi. Meza ya Mihayo hawakupata hata mmoja. Mnadhani walihangaika? Wapi! Karatasi za kura zilikuwa ndefu na nyembamba, na mikono iliyokuwa pale ilikuwa mikono ya wakulima. Wakapanga kura kumi, wakachukua nyingine, wakaikunja, wakazungusha, wakachomeka. Hata wakala wa Mihayo mwenyewe alikuwa amesimama hapo anatazama na akaona sawa tu.

Nyamizi akatangazwa mshindi kwa kura tisa. Vigelegele, ngoma, watu wakambeba juu juu mpaka kanga ikamdondoka.

Furaha hiyo haikufika mbali. Idadi ya wajumbe waliosaini kuingia na ya kura zilizotangazwa hazikulingana, zilipungua kura ishirini na sita. Msimamizi akasema hao bila shaka walikuwa nyuma ya ghala kwenye foleni ya wali na nyama ya mbuzi. Watu wa Mihayo wakasema haiwezekani, kila mmoja alipiga kura kwanza ndipo akala. Mihayo akasimama sokoni siku ya gulio akatamka mbele za watu, "Kura zimeliwa, na aliyezila mnamjua." Kuanzia hapo Nyamizi akipita, mazungumzo yanakatika. Mama mmoja muuza dagaa aliyekuwa shoga yake akamjibu salamu huku anatazama pembeni. Hilo lilimuuma kuliko maneno ya Mihayo.

"Nataka uhakiki wa kura," Nyamizi akamwambia Shija.

"Dada, anayeomba uhakiki ni aliyeshindwa. Mihayo hana ushahidi, hajakata rufaa, siku zinakwisha. Tulia."

"Nikitulia nitakuwa mwenyekiti mwizi mpaka naingia kaburini. Sitaki kiti cha kukalia upande."

Akaandika barua yeye mwenyewe kwenda mkoani. Mshindi anaukatia rufaa ushindi wake! Nasikia mkoani waliisoma mara mbili wakadhani majina yamepinduliwa. Wazee wa chama wakamwita, wakamsihi, wakamkaripia, wakamwambia anakivua chama nguo. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza, akasema, "Shikamooni wazee wangu, barua imeshaondoka," akaenda zake.

Mkoa ukaleta kamati ya uhakiki. Mwenyekiti wake alikuwa mwalimu mstaafu, Mwalimu Katabaro, mtu wa kwao migombani, aliyeijua tumbaku kwa harufu tu. Masanduku yakatolewa kituo cha polisi, lakiri zikakaguliwa mbele ya wote, nzima. Wahesabu kura wakachaguliwa hapahapa wilayani, nusu wa upande huu na nusu wa upande ule. Nyamizi akakaa benchi moja, Mihayo benchi la pili mikono kifuani, na watu wakajaa mpaka madirishani.

Wakaanza na kura za Nyamizi. Mipira ikatolewa, kura zikahesabiwa moja moja. Hazikupungua wala kuzidi. Wakaja kwenye za Mihayo, na hapo ndipo ilipofanyika ajabu. Mhesabu anashika fungu, anachomoa karatasi ya kufungia, anaiweka pembeni, anahesabu kumi. Anashika la pili, anachomoa, anaweka pembeni, kumi. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Mikono ilikuwa inafanya ilichofundishwa utotoni. Mwalimu Katabaro, kwa kutojua, akadhani zile karatasi zilizonyongwa ni kamba, na kila aliyekuwemo humo ghalani, Nyamizi akiwemo, aliziona na hakuziona.

"Nane, tisa, kumi," mhesabu wa mwisho akasema. "Hilo ni fungu la ishirini na sita. Na zile tatu zilizobaki bila fungu. Hesabu ni ileile, Mwalimu."

Shija akaruka. Vigelegele vikaanza upande mmoja, na upande wa Mihayo watu wakainamisha vichwa. Mwalimu Katabaro akafungua kalamu yake. Binti mmoja mwenye kilemba akaanza kuzikusanya zile kamba kwa kiganja azitupe kwenye boksi la taka.

Lakini Nyamizi alikuwa amebaki na neno moja kichwani. Ishirini na sita. Kura zilizopungua, ishirini na sita. Mafungu, ishirini na sita.

"Binti," akasema, "hebu usitupe hizo."

Akaenda mezani, akachukua moja, akaikunjua ndani ya kiganja. Ndani yake palikuwa na picha mbili, yake na ya Mihayo, na alama ya vema imewekwa vizuri kabisa kwenye picha ya Mihayo. Shija alikuwa amemfuata na kuchungulia begani pake. Wengine walikuwa wanapongezana, hawana habari.

"Dada, funga mkono," Shija akanong'ona.

"Umeona?"

"Sijaona kitu, na wewe hujaona. Hiyo ni kamba."

"Kamba ina picha ya Mihayo?"

"Dada! Mara tatu tumegombea. Mara tatu! Mungu ametupa, wewe unarudisha? Tangu lini la kufungia likahesabiwa? Nenda kaulize popote wilaya hii."

Wajukuu zangu, msije mkamfanya Nyamizi malaika. Alikitaka kile kiti. Alikuwa ameshakikalia akilini, ameshapanga visima vitachimbwa wapi, na jina lake lilikuwa limesafishwa sasa hivi mbele ya kamati ya mkoa. Angefunga mkono tu. Boksi la taka lilikuwa pale miguuni pake, na binti mwenye kilemba alikuwa anangoja.

Akaufungua mkono.

"Mwalimu, nakuomba hiyo kalamu iweke chini kwanza." "Kura hazikuliwa. Hizi hapa. Tulizikunja tukafungia nyingine."

Akaiinua ile karatasi wote waione. Mhesabu mmoja, mzee wa watu, tena wa upande wake mwenyewe, akashika kichwa. "Lakini mama, la kufungia halihesabiwi. Hata wewe umelelewa hivyo."

"Nimelelewa hivyo, baba, na nimepigwa makofi ya mgongo kwa ajili hiyo. Sasa nijibu. Ukipeleka robota lako la tumbaku sokoni, mnunuzi anayachomoa ya kufungia kabla ya kupima?"

"Hachomoi."

"Anayapima?"

"Anayapima."

"Akiyapeleka kiwandani yanasagwa, hayasagwi?"

"Yanasagwa pamoja," mzee akakubali. Nyamizi akawageukia watu wote. "Mtu aliyetia alama hapa alidamka kama mimi. Pengine alitembea kutoka Ibambo na mtoto mgongoni. Sisi tumemfanya kamba ya kuwafungia wenzake, kisha tunataka kumtupa. Hapana. Jani la kufungia nalo ni tumbaku. Hesabuni!"

Wakahesabu. Walizikunjua moja moja, na zote ishirini na sita zilikuwa za Mihayo, maana zilitoka kwenye meza yake. Mwalimu Katabaro akajumlisha, akarudia, akasoma: Mihayo Lutonja ameshinda kwa kura kumi na saba.

Mngetegemea ghala lipasuke kwa kelele. Hakuna aliyepiga hata kofi moja. Mihayo akainuka, akaja mpaka alipokuwa Nyamizi, na yule bwana wa maneno mengi safari hii akatumia machache.

"Dada Nyamizi," akasema, "nilikuita mwizi sokoni."

"Uliniita."

"Gulio lijalo nitarudi palepale niliposimama."

"Rudi," Nyamizi akamjibu. "Na useme kwa sauti ileile."

Na kweli alirudi. Alipanda juu ya gunia la chumvi akasema alichopaswa kusema, na muuza dagaa akaliacha beseni lake peke yake akaenda kwa Nyamizi akilia. Lakini msidhani mambo yote yalikwisha kwa sukari. Siku ile ya uhakiki, Nyamizi alilia njia nzima kurudi kwake, na Shija alikaa mbele ya gari, karibu na dereva, bila kugeuka. Ilimchukua msimu mzima wa kilimo kumwita tena dada. Kiti chenyewe Nyamizi hakukipata mpaka leo. Hakugombea tena.

Ila mkutano mkuu uliofuata, wajumbe walipoulizwa nani asimamie kuhesabu kura, walilitaja jina moja, wa Mihayo na wasio wa Mihayo. Nyamizi alikuja na mfuko wake wa mipira, akaumwaga mezani, na kabla ya kura ya kwanza kuhesabiwa akamtazama kila mhesabu usoni. Walianza wenyewe kuisema methali yake, mmoja baada ya mwingine, wengine wakicheka, na lile karipio la mabanini likafa siku hiyo. Siku hizi mtoto akihesabu kumi na moja, mama yake anamwambia, "Umejua."

Basi ndiyo hiyo. Ikatoka kwenye kura ikaingia kwenye mashamba, misibani, harusini, kila mahali ambapo kuna watu wanaowashikilia wenzao pamoja halafu wanasahauliwa wakati wa hesabu. Jana wapishi wetu walikuwa jikoni wanapuliza moto huku mwenyekiti anawaruka kwa kidole chake, na nyinyi mnamcheka aliyewakumbuka.

Haya, Milembe, wewe uliyecheka kwa sauti kuliko wote, inuka. Nenda kwa mwenyekiti wa kamati, umwamkie vizuri, umwambie aongeze sahani za wapishi, na za wachota maji pia. Akikuuliza nani amekutuma, usinitaje mimi. Mwambie jani la kufungia nalo ni tumbaku.