Kamera ya Bi Kidawa

Malori ya mchanga ya Bwana Makwaya yalikuwa yakipita mbio mbele ya chekechea, moja likamkosakosa mwanangu Hafidhi, nikawa silali, nikilala naota matairi. Jirani yangu Bi Kidawa akafunga kamera juu ya nguzo pale watoto wanapovukia barabara.

Baada ya wiki moja Bwana Makwaya akamjia amefura.

“Iondoe hiyo. Mtu ana haki ya faragha yake.”

“Naiondoa, baba, hata sasa hivi. Ila yule uliyempakia mbele Alhamisi jioni ni nani? Mkeo kaniuliza, nimemwambia asubiri niikuze picha.”

Bwana Makwaya akatazama huku na huku, akashusha sauti.

“Ifute.”

“Nitaifuta nikiona matuta hapa barabarani.”

Wiki haikwisha, matuta yakajengwa, malori yakawa yanatambaa. Nami nikamsihi Bi Kidawa anioneshe huyo mwanamke. Akaishusha kamera, akanipa mkononi: kopo la maziwa ya unga, limepakwa rangi ya viatu, mdomoni kioo cha tochi.

“Sasa Alhamisi ulimwona na nani?”

“Mimi? Alhamisi nilikuwa msibani Pangani. Anayejua ni yeye.”

Nikamwapia sitamwambia mtu mwingine.