Kamba Kwenye Pembe za Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mji wao wenye nyumba za bati, vibaraza na majirani wambeya, katikati ya mji ule palikuwa na bustani. Sogeeni, wanangu. Na wewe unayemfinya mwenzio huko nyuma, nimekuona. Hadithi hii sipendi kuirudia rudia.

Bustani ile ilikuwa na majani! Majani laini, ukikanyaga mguu unazama. Watoto wa mbuzi walibiringika humo, watoto wa tumbili walining'inia mitini, hata vifaranga wa kanga walikuwa na pahali pao pa kuchakura. Watoto wote wa mji walicheza, isipokuwa watoto wa mbwa.

Kwa nini? Kwa sababu getini palitundikwa ubao, na ubao wenyewe aliuandika Nyati, mkuu wa bustani. Ulisema mambo matatu. Mbwa asiingie bila kamba. Mbwa asimshikie mbwa mwenzake kamba. Na yeyote atakayeachia kamba, yeye pamoja na mbwa wake watavushwa mto.

Ng'ambo ya mto mnajua alikuwa anaishi nani? Chui! Na Chui, ukimwekea mbuzi hapa na mbwa pale, mbuzi hatamgusa. Anapenda mbwa kama nyinyi mnavyopenda miwa.

Siwafichi, mbwa nao walikuwa na yao. Mmoja aliwahi kuwakimbiza vifaranga mpaka mtaroni. Wengine walijisaidia katikati ya njia, wakaondoka wanatazama pembeni kana kwamba si wao. Kosa ni kosa. Lakini walikosa wawili watatu, wakafungiwa wote.

Basi, palikuwa na mbwa mmoja mjane, Mama Kishindo, mwenye mtoto mmoja tu. Jina la Kishindo alimpa kwa matumaini, maana mtoto mwenyewe akitembea husikii kitu. Miguu yake ya mbele ilikuwa imepinda. Alilelewa kwenye kiua cha saruji, chembamba, ukijinyoosha unagusa ukuta.

Tabibu Kobe alimpapasa, akatikisa kichwa.

"Mama Kishindo, dawa ya huyu si ya kunywa. Akimbie. Akimbie kwenye majani, bila kuvutwa shingo, kabla mvua kubwa hazijaanza. Zikianza atajifungia ndani mpaka ziishe, na mifupa itakuwa imeshakomaa vivyo hivyo."

"Na ikikomaa?"

"Basi atatembea hivyo maisha yake yote."

Na mawingu, wanangu, yalikuwa yameshaanza kukusanyika mlimani.

Mama Kishindo akaanza kuzunguka kwa majirani. Jamani, nishikieni mwanangu kamba, hata kidogo, akanyage majani tu! Mbuzi akasema, "Jirani, mwanao nampenda, lakini Chui simpendi." Pundamilia akajishika shavu akasema jino linamuuma. Kila mtu alikuwa na lake. Mama Kishindo akarudi nyumbani, akatazama mawingu. Yalikuwa yamesogea.

Sasa mtoto ni mtoto. Siku moja Kishindo akaona tundu kwenye ua wa bustani, akapenya. Akaweka mguu kwenye majani, akacheka. Akaweka wa pili.

Tifu! Tifu! Tifu! Kifaru huyo, mlinzi wa bustani, anakuja na vumbi lake.

"Nani huyo? Nani huyo?" Macho yake Kifaru hayakuwa mazuri, lakini pua, lo!

Mama Kishindo akatokea nje ya ua anahema. "Kishindo! Rudi, mwanangu! Rudi upesi!"

Mtoto akajaribu kukimbia, miguu ikapishana, akaanguka. Akainuka, akaanguka tena. Pembe ya Kifaru hiyoo, inakaribia! Mama akaingiza kichwa tunduni, akamng'ata ukosi, akamvuta. Kwaaa! Pembe ikagonga nguzo.

"Sikukuona," Kifaru akanguruma, "lakini nimekunusa! Nikiinusa tena harufu hiyo bila kamba, unavuka mto!"

Mama Kishindo alifika nyumbani. Akakaa mlangoni, akalia.

Jirani yake alikuwa Nguchiro. Mnamjua Nguchiro? Mwili kiganja, maneno debe. Akachungulia juu ya ukuta.

"Shoga, mbona unalia kama umefiwa?"

"Sijafiwa bado, Nguchiro. Lakini naona njia inaelekea huko." Akamweleza yote: miguu, mawingu, Kifaru, na ule ubao.

"Hebu rudia hilo la tatu."

"Yeyote atakayeachia kamba, yeye na mbwa wake watavushwa mto."

"Yeyote? Hata mkubwa?"

"Ubao hausemi mdogo wala mkubwa."

Nguchiro akajikuna pua, akatabasamu. "Kesho mlete Kishindo getini. Na wapitie mbwa wote wa mji, waje, kila mmoja na kamba yake. Ndefu."

"Getini! Kifaru ameshamnusa!"

"Ndiyo maana tunapita mlango wa mbele. Na kamba usimfunge shingoni. Mpitishie kifuani, chini ya makwapa. Hilo usilisahau."

Jioni ile ile Mama Kishindo akapita nyumba kwa nyumba, akiwaita mbwa.

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko, bustani imejaa, wake kwa waume. Mara, mbwa hao! Wakubwa, wadogo, wenye madoa, wasio na mkia, wamejipanga na kamba zao za katani. Mbele yao Nguchiro, kifua mbele.

"Hodi hodi, Mheshimiwa Nyati!"

Nyati akasimama. Kivuli chake kikamfunika Nguchiro mzima. "Mbwa wote hawa wanataka nini?"

"Kutii sheria, Mheshimiwa. Kamba hizi hapa. Tumekosa mshikaji tu. Mimi ningeshika, lakini tazama mkono wangu, njiti ya kiberiti! Na huko mtaani wanasema mji mzima hakuna mwenye nguvu za kushika kamba hizi asiachie."

"Nani anasema?"

"Watu, Mheshimiwa. Mimi nikawabishia, nikawaambia, Nyati yupo! Wakacheka. Wakasema Nyati wa siku hizi ni pembe tu, shingo hana. Labda Kifaru."

Kifaru akainua kichwa. "Kweli, mimi naweza."

"Wewe?" Nyati akafoka mpaka majani yakalala. "Leta kamba hapa! Zote! Na za kushika mkononi ni za watoto. Zifungeni kwenye pembe!"

"Nami nipeni!" Kifaru akapiga mguu chini. "Pembe yangu moja inashinda zako mbili!"

"Taratibu, waheshimiwa, zipo za kutosha," akasema Nguchiro, na huku ameshapanda. Akafunga, akakaza, kii! Akaruka kwa Kifaru, akafunga, akakaza, kii! Umati ukapiga makofi.

Kishindo alifungwa pembe ya kushoto ya Nyati. Alisimama chini pale, mdogo, kando ya kwato kubwa kuliko kichwa chake.

"Nguchiro," Mama akanong'ona akiwa nje ya geti, "tazama ile kwato. Akisogea tu..."

"Naiona."

"Nguchiro, naomba tuache. Twende nyumbani."

"Vumilia, shoga. Hata mimi naogopa."

Kwanza hapakutokea kitu. Mbwa walikaa, Nyati akatabasamu kwa watu. Jua likapanda. Akaja mbung'o mmoja, zzzz, akatua sikioni kwa Nyati. Nyati akatikisa kichwa.

Mama yangu weee! Kishindo akanyanyuka juu! Miguu inaning'inia, inapiga hewa! Mama akaruka aingie, Nguchiro akamdaka mkia.

"Usiingie! Ukishika ile kamba ni mbwa kamshikia mbwa! Watakuvusha wewe na yeye!"

"Mwanangu huyo!"

"Kamba iko kifuani! Anapumua! Mtazame, anapumua!"

Kichwa cha Nyati kikashuka, mtoto akatua kwenye majani, pu. Akapiga chafya. Mama akakaa chini.

Hapo Nguchiro akatia vidole mdomoni. Fyuuu!

Mbwa wakainuka wote. Huyu anataka kunusa mti ule, yule anataka mtaro, huyu kaona mfupa kule. Wa Kifaru wakamzunguka miguu, mara ya kwanza, mara ya pili. "Nani huyo? Nani huyo?" Kifaru akageuka, akajifunga zaidi. Puuu! Chini! Mbwa wakaendelea kumnusa.

Nyati naye shingo inakwenda kushoto, inakwenda kulia. Akitaka kuinama ale jani, mbwa wanakimbia na kamba zinamvuta kichwa. Akitaka kujikuna, wapi! Kutoka nje ya geti mkewe akaita, "Baba watoto! Tope lako linakauka! Na chakula kimepoa!"

"Nakuja!" Akapiga hatua, mbwa wote wakavuta upande mwingine. Hakwenda popote.

Jua likawa la utosi. Nyati akatokwa jasho. "Nguchiro. Fungua kamba hizi."

"Nifungue, Mheshimiwa?"

"Fungua, nimesema!"

"Nikifungua utakuwa umeziachia." Nguchiro akageuka kwa watu. "Na ubao unasemaje, jamani?"

Watu wakageukia ubao. Kisha Kanga, yule mama wa vifaranga, akasoma polepole, "Yeyote atakayeachia kamba, yeye pamoja na mbwa wake watavushwa mto."

Wote wakatazama ng'ambo. Na kutoka kule, kwenye vichaka, kikasikika kikohozi. Khrrr. Khrrr. Chui alikuwa amesikia kelele za mbwa.

Nyati akajitazama. Pembeni mwake mbwa, miguuni mwake mbwa, harufu ya mbwa mwili mzima. Chakula kitamu cha Chui, kimefungwa kwenye kichwa chake mwenyewe! Manyoya ya shingo yakamsimama.

"Mimi... mimi ndiye niliyeandika ule ubao," akasema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Aliyeandika anaweza kufuta."

"Futa! Futeni la pili na la tatu!"

"Na watakimbilia wapi, maana kila mtoto ana miguu?"

"Kona ya chini, penye minyaa! Pazungushwe ua, mbwa wakimbie humo bila kamba! Sasa nifungueni!"

"Na vifaranga vyangu?" Kanga akapaza sauti. "Mimi mbwa sina ugomvi nao, lakini vifaranga vyangu?"

"Umesema kweli, dada," akajibu Nguchiro. "Nje ya kona ile mbwa atapita na kamba, na mama yake ataishika. Na kila mzazi atazoa uchafu wa mwanawe."

Mbwa wakaguna. Mmoja mzee akatazama pembeni. Lakini wakakubali.

Nguchiro akapanda kwenye pembe, akafungua fundo moja moja. Nyati alitoka mbio kuelekea kwenye tope lake, hakuaga mtu. Kifaru alifunguliwa mwisho, bado anauliza nani huyo.

Wakaenda kwenye kona. Minyaa pande tatu, watu wakasimama upande wa nne. Mama akamvua Kishindo kamba ya kifuani.

Kishindo akasimama. Hakukimbia.

Mawingu yakanguruma mlimani. Mtoto akainua mguu, ukatetemeka, akaushusha. Akapiga hatua, akaanguka kifudifudi. Mama akafumba macho. "Nimechelewa," akasema moyoni. "Nimemchelewesha mwanangu."

Akasikia kitu. Ti. Ti-ti. Ti-ti-ti-ti! Akafumbua. Kishindo anakimbia! Upande upande, kama kaa, masikio nyuma, ulimi nje, anakimbia! Akaanguka, akabiringika, akainuka anakimbia!

Alikimbia siku ile, na kesho yake, na siku zote yalizochelewa mawingu. Mvua zilipokuja zilimkuta miguu imenyooka, kasoro wa kushoto kidogo, na huo ndio aliokuwa akijivunia.

Lakini siku ile ya kwanza watu walipokuwa wanashangilia, Nguchiro alimtazama Mama Kishindo, akaona haongei, hacheki, amekaza meno tu, machozi yanamtiririka.

"Shoga," akamwambia taratibu, "tema hiyo kamba."

Mama akatazama chini. Kweli, kamba ya mwanawe alikuwa bado ameing'ata, na ncha ya pili imelala kwenye majani, haina mtu. Akafungua mdomo. Ikaanguka. Ndipo naye akapiga mbio akamfuata mwanawe.

Na ninyi shikeni hili, wanangu: ashikaye kamba naye amefungwa.